Ng'ombe Amekufa Ghafla Malishoni: Weka Kisu Chini Kwanza

Saa tano asubuhi simu inalia. Ni kijana wa kuchunga, yuko na ng'ombe upande wa Dongo Kundu. "Ami, yule mtamba mwekundu kaanguka. Hapumui." Wewe umekwama kwenye foleni ya feri, na alfajiri ulimwona mtamba huyo akitoka zizini na wenzake, anacheua, hana hata kikohozi. Kabla hujafika, watu wawili watakuwa wamekutangulia. Mmoja ana kisu, mwingine ana pesa. Wa kisu atasema bado ana roho kidogo, tumuwahi. Wa pesa hatasema mengi. Atataja bei na kuuliza kama tuktuk inaingia mpaka hapo.

Ninachokihofia hapo ni kimeta (anthrax), ugonjwa wa bakteria unaoua ng'ombe ghafla na kuwapata watu pia. Haya ninayoandika ni ya saa hizo za mwanzo, na siku chache zinazofuata. Nafuga Likoni, ng'ombe wachache tu, na baadhi ya mambo haya nilijifunza kwa kuyakosea.

Hatua ya 1: Amri unazotoa kwa simu

Mwambie kijana asimguse mnyama, asimgeuze, wala asimfungue kamba shingoni. Ng'ombe waliobaki awaondoe polepole hadi sehemu nyingine ya malisho. Asiwakimbize: kama kuna mwingine ambaye ugonjwa au sumu imeshamwingia, mbio zaweza kummaliza. Wasinywe tena kwenye dimbwi alilonywea aliyekufa.

Akishawatenga, arudi akae mbali kidogo na mzoga, fimbo mkononi, afukuze mbwa na kunguru. Kunguru wetu hawa wa Mombasa hawana subira. Ukigeuka tu washatoboa macho, na kila tundu jipya ni njia ya damu kutoka. Akipata turubai, gunia au makuti, afunike na kuweka mawe pembeni.

Simu yako ya pili ni kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo unayokaa: Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe, Jomvu au Mvita. Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, kwa hiyo huhitaji kutafuta mkubwa wa Nairobi. Namba yenyewe inafaa iwe kwenye simu yako leo, ukiwa huna msiba. Ipate ofisi ya wadi. Wengi wetu hatupigi kwa kuogopa karantini. Naielewa hofu hiyo, maana maziwa ndiyo karo ya watoto. Lakini Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa anaposhuku ugonjwa wa aina hii, na karantini ya wiki chache haijawahi kumfilisi mtu kama kufiwa na zizi zima.

Hatua ya 2: Tazama bila kugusa

Ukifika, simama hatua kadhaa kutoka kwenye mzoga, upande upepo unakotoka. Tazama pua, mdomo, masikio na sehemu za nyuma. Unachokitafuta ni damu nyeusi, nzito kama lami, inayovuja bila kuganda. Angalia miguu: ng'ombe aliyekufa kwa kawaida hukakamaa baada ya saa chache, lakini wa kimeta mara nyingi hubaki mlegevu, au hukakamaa nusunusu. Tumbo nalo hufura upesi mno. Ukiona dalili hizi, ujue kimeta ndicho cha kwanza kushukiwa, na hakuna anayegusa tena.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni joto letu. Mzoga ukilala juani Mombasa kuanzia asubuhi, adhuhuri umeshafura kama ngoma hata kama mnyama alikufa kwa kuanguka shimoni. Kwa hiyo tumbo lililojaa peke yake si ushahidi wa kitu. Wa pili ni mbaya zaidi: kimeta si lazima kitoe damu nje. Wapo wanaokufa nacho wakiwa safi kabisa puani. Ndiyo maana kanuni ninayoifuata ni nyepesi kukumbuka: kifo chochote cha ghafla ambacho sikukiona kwa macho yangu kikisababishwa na kitu fulani, ni kimeta mpaka maabara iseme sivyo.

Piga picha. Kichwa, pua, sehemu za nyuma, mzoga mzima, na ardhi inayouzunguka. Nyasi zilizochimbwa kwa miguu zinaonyesha alitapatapa. Nyasi zilizolala vizuri zinaonyesha alianguka papo hapo. Majani yaliyobaki mdomoni nayo yanasema kitu. Mtumie daktari picha hizo akiwa bado njiani.

Hatua ya 3: Kisu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo tunapoharibu.

Kimeta husababishwa na bakteria. Wakiwa ndani ya mzoga uliofungika, ambao ngozi yake haijapasuliwa, hawana hewa. Uozo wenyewe huwamaliza ndani ya siku chache. Lakini damu ikimwagika nje na kukutana na hewa, bakteria hao hujigeuza kuwa vijimbegu vigumu sana. Vijimbegu hivyo havijali jua, havijali kiangazi, na hukaa udongoni miongo mizima vikingoja ng'ombe mwingine aje ang'ate nyasi fupi. Waingereza waliwahi kujaribu kimeta kama silaha kwenye kisiwa kidogo cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942. Kisiwa hicho hakikutangazwa kuwa salama mpaka 1990, na hiyo ni baada ya kukiogesha kwa dawa. Sasa fikiria uwanja wa kuchungia Mwakirunge au Mtongwe, ambao hakuna atakayekuja kuuogesha.

Kwa hiyo anayepasua mzoga ili ajue kilichoua, ndiye anayepanda kilichoua.

Kuna jambo la dini ambalo watu hulizunguka bila kulisema. Sisi wa pwani nyamafu hatuli, na hilo limetukinga na mengi. Lakini hukumu hiyohiyo hututia haraka: mnyama akianza kutetemeka na kuyumba, kila mtu anataka awahiwe kisu kabla roho haijatoka, nyama ipate kuwa halali. Halali ni suala moja, usalama ni suala jingine. Kisu kilichowahi hakitoi kimeta kwenye damu. Mnyama aliyechinjwa machungani kwa dharura hajapita mbele ya mkaguzi wa nyama, hana mhuri, na waliomshika miguu wote wamerukiwa na damu. Jiko si kinga ya kutegemea pia, kwani wengi huambukizwa wakati wa kuchinja, kuchuna na kukatakata, kabla sufuria haijainjikwa.

Kwa binadamu, aina inayoonekana zaidi ni ya ngozi: kipele kama cha kuumwa na mdudu, mkononi au usoni, kinavimba pembeni, kisha katikati kinakuwa kidonda cheusi. Hakiumi, na kwa sababu hakiumi mtu hukipuuza. Kinatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa. Cha tumboni, kwa mtu aliyekula nyama, na cha mapafuni ni hatari zaidi.

Kosa langu ni hili. Miaka ya nyuma nilifiwa na maksai chini ya mwembe, msimu wa maembe umekolea. Tumbo limefura, ulimi nje. Jirani akaniambia, "Mzee, mfungue basi tujue." Nikamfungua mwenyewe, mikono mitupu, kanzu nimeipandisha kiunoni. Kooni nikakuta embe bichi zima limekwama. Gesi ilikosa pa kutokea, tumbo likambana pumzi. Wiki nzima nilijiona bingwa. Daktari aliposikia hakucheka. Aliniuliza ningefanya nini kama ingekuwa kimeta, na damu nimeshaimwaga kwenye njia ya watoto waendao chuoni. Sikuwa na jibu, na sinalo hadi leo.

Yule wa pesa naye mjibu kwa neno moja na usiingie naye kwenye bei. Ukianza kubishana bei umeshauza.

Hatua ya 4: Uliza, tembea, nusa

Wakati unamngoja daktari, usikae chini. Kimeta ni mshukiwa wa kwanza, si wa pekee, na majibu mengine mengi yako ardhini hatua mia kutoka ulipo. Mwulize kijana bila ukali: jana walipita wapi? Nani aliwapa chochote? Ukimfokea atakuficha kuwa alilala na ng'ombe wakaingia shambani kwa watu.

Anza na muhogo. Pwani hii hakuna kiunga kisicho na shina la muhogo, na ule mchungu una sumu ya sianidi majani hata maganda. Ng'ombe mwenye njaa akivamia shamba, au akimwagiwa ndoo ya maganda mabichi na jirani mwenye huruma, anaweza kufa ndani ya dakika chache: anahema kwa nguvu, anayumba, anaanguka. Damu ya sianidi huwa nyekundu kuliko kawaida, kinyume cha ile ya kimeta, lakini hilo la kuona ni la daktari. Mtama mchanga unaochipua mvua ikinyesha baada ya ukame una tabia hiyohiyo; usiwaachie mpaka upite kiuno. Majani na maganda ya muhogo yakikatwa vipande na kuanikwa juani mpaka yakauke, sumu hupungua sana. Dawa ya sianidi ipo, ila mara nyingi daktari humkuta mnyama ameshakwenda.

Kisha makombo ya harusi. Hili naliona kila mwaka. Karamu imeisha, sufuria za pilau na wali zimebaki, mtu anaona israfu kutupa, anawamwagia ng'ombe. Tumbo la ng'ombe limezoea nyasi. Likijazwa wali, mkate au unga wa mahindi kwa mkupuo, linachachuka, asidi inapanda, mnyama anazubaa, anaharisha maji ya kijivu, na baada ya siku moja au mbili amelala chini. Mwenye nyumba anasema kafa ghafla. Hakufa ghafla, alianza kufa usiku wa harusi.

Takataka. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017 hali ni afadhali, lakini majaa yetu bado yana mengi. Plastiki huua polepole, kwa kukonda. Kinachoua ghafla ni waya au msumari: humezwa, hukaa kwenye tumbo dogo lililo karibu na moyo, na siku moja hupenya. Betri za gari zilizotupwa ni balaa jingine, kwa sababu ng'ombe hupenda kulamba madini ya risasi (lead) yaliyomo. Anakuwa kama kipofu, anasaga meno, anasukuma ukuta kwa paji la uso, halafu anakufa. Mombasa hatuna haja ya kuelezwa risasi ni nini. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapahapa iliamua wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri. Ikiwa ardhi iliwadhuru watu, ng'ombe anayekula nyasi zake hana kinga.

Dawa ya kupe: je, mtu alinyunyizia jana na kuacha ndoo wazi? Udenda mwingi, kutetemeka na mboni zilizosinyaa huelekeza huko. Mfuko wa mbolea ya yurea uliolowa mvua nao ni wa kutazamwa.

Kama usiku kulikuwa na radi na wamekufa wawili watatu chini ya mti mmoja au kando ya ua wa waya, nyasi bado mdomoni, jibu linaweza kuwa hilo. Nyoka husingiziwa kuliko anavyouma. Kuhusu jicho na husuda sitabishana na mtu; soma dua zako, lakini sampuli ya damu itoke.

Magonjwa mengine yanayofanana na kifo cha ghafla ni chambavu, ambayo hupenda ndama walionona wa kati ya miezi sita na miaka miwili, nao huchechemea kwanza na paja au bega hulia kama karatasi ukilibonyeza. Na maji moyo, unaoletwa na kupe, ambao humfanya ng'ombe anyanyue miguu kama anayepanda ngazi kabla ya kuanguka. Ndigana kali haiui kwa saa moja, inatoa siku kadhaa za homa na tezi kuvimba chini ya sikio. Anayesema ng'ombe wake kafa ghafla kwa ndigana, mara nyingi hakuwa anawatazama. Na kama aliyekufa ni ng'ombe wa maziwa aliyezaa jana au juzi, mwambie daktari hilo mapema, kwa sababu upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa huua usiku mmoja.

Hatua ya 5: Daktari akifika

Mwache afanye kazi yake. Atavaa glavu na gambuti, atachukua damu kidogo, mara nyingi kwenye mshipa wa sikio, aipake kwenye kioo. Hahitaji kufungua mzoga ili kujua kama ni kimeta. Kioo hicho kikipakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini kinatosha kumpa mwanga. Sampuli zinaweza kwenda maabara ya uchunguzi wa mifugo Mariakani, kwenye barabara ya Nairobi, au Kabete. Akiona si kimeta, ndipo anaweza kumpasua yeye mwenyewe atafute waya, embe au majani ya muhogo tumboni. Mpe orodha ya uliyoyaona na picha. Mpe pia jina la kila aliyegusa mzoga, hata yule aliyegusa kwa siri.

Hatua ya 6: Kuuondoa mzoga

Usiuburure. Kila hatua unayoburura ni damu unayoisambaza. Kuchoma palepale ndiko bora kwa kimeta: kuni za kutosha chini, mzoga juu, dizeli, na moto mpaka mifupa ivunjike kwa fimbo. Ni gharama, na kwenye vitongoji vilivyosongamana moshi utaleta maneno, kwa hiyo mzee wa mtaa ajue mapema.

Kuzika nako kunakubalika, kwa kina cha mita 2, lakini hapa kwetu si rahisi kama vitabu vinavyosema. Sehemu nyingi ukichimba nusu mita unagonga mwamba wa matumbawe; kwingine ni mchanga na maji yako karibu, na visima vya watu viko bondeni. Usizike karibu na kisima, mkondo wala njia ya maji ya masika. Udongo uliolowa damu, nyasi, kamba na fimbo vyote viingie shimoni au motoni. Ngozi isitoke, hata kama fundi wa ngoma ni shemeji yako. Dawa ya kumwagia hapo, daktari ndiye atakayesema ipi na kiasi gani. Kisha zungushia miiba, usichungie hapo tena, na waeleze wanao ni wapi, ili miaka ishirini ijayo mtu asijenge zizi juu yake.

Hatua ya 7: Waliobaki

Kwa wiki mbili tatu, pima joto la kila ng'ombe asubuhi na jioni kama una kipimajoto. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na nusu hivi. Akipita 40, mtenge na mpigie daktari hata kama anakula, kwa sababu kimeta kikiwahiwa na penisilini hutibika. Kinachokosekana kwa kawaida ni muda. Maziwa ya mwenye homa yasinywewe wala yasiuzwe, na daktari ndiye wa kusema lini mauzo yarudi. Usihamishie ng'ombe kwa ndugu yako Kilifi au Kwale kuwanusuru; utampelekea msiba.

Waliogusa mzoga wanawe kwa sabuni na maji mengi, nguo zichemshwe, na waende kituo cha afya wakaseme wazi: tumegusa ng'ombe aliyekufa ghafla. Wasingoje kipele. Daktari wa watu asipoambiwa kuhusu ng'ombe, atatibu jipu.

Hatua ya 8: Chanjo, kabla ya masika

Kimeta hupenda mvua kubwa inayofuata kiangazi: maji huibua vijimbegu, na nyasi zikiwa fupi ng'ombe hula na udongo. Kwa hiyo mimi huchanja Februari. KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, hutengeneza chanjo iitwayo Blanthrax, inayokinga kimeta na chambavu kwa sindano moja, na hurudiwa kila mwaka. Kinga ya kimeta ni ya vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo ng'ombe aliyechomwa antibiotiki siku hizo chanjo haitamshika. Mwenye homa asichanjwe. Baada ya chanjo ngoja wiki mbili kabla ya kujisikia salama, na soma kibandiko kuhusu siku za kungoja kabla ya kuchinja.

Tatizo la wafugaji wadogo ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi, inataka baridi, na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Mwenye ng'ombe wanne anaona hasara, anaacha. Sisi tumejipanga nyumba saba: mmoja analeta sanduku la barafu, mmoja anamlipia daktari nauli ya boda, na tarehe imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa zizi la kwanza. Mwaka huu aliyeandika aliandika chini sana, mbuzi wakailamba. Ikabidi tupigiane simu.